Kopo Lenye Picha ya Ndizi

Jumatatu, 3 Machi 2014

Mvua tangu alfajiri. Yudita kapiga simu kutoka Chitete, kazini kwake. Habari kubwa! Jumamosi, Siku ya Wanawake, mwanangu atasimama uwanja wa shule, hapa hapa Mpemba, kuwafundisha akina mama mambo ya lishe. Afisa lishe wa wilaya ni yeye, si mwingine. Bosi wake, Bwana Ezron, atakuja kumtazama anavyofundisha. Muda wake wa matazamio unaisha mwezi huu. Bosi akiridhika, mwanangu anathibitishwa kazini. Asiporidhika, sitaki hata kuandika.

Nikauliza somo lenyewe ni lipi. Akasema potasiamu. Nikamwambia arudie, maana jina lilinipendeza. Potasiamu! Akasema ni madini, mwili unayahitaji kwa misuli na moyo, yanasaidia hata mambo ya presha. Nikasema vizuri sana, sasa utakuja na vidonge vya aina gani? Akacheka. Akasema hana vidonge. Nimtafutie ndizi, maharage, viazi na majani ya maboga, basi.

Nimekaa chini.

Mtoto tumemsomesha mpaka Morogoro. Ng'ombe wa marehemu mama yangu kule Ndalambo wameishia kwenye ada. Leo anarudi kuwaambia wanawake wa Mpemba wale maharage! Kwani kuna mtu hapa asiyeujua huo ushauri? Mimi nimeishia la saba na maharage nimepika maisha yangu yote, sijawahi kuitwa afisa.

Baba yake anasema mtoto anaijua kazi yake. Huyo Yonasi, hata mlango wa banda la kuku hajajua kuufunga.

Jumanne, 4 Machi

Nimepita kwa Mama Shani. Yule anayeuza ndizi kando ya barabara kuu, pale malori yanapopanga foleni ya mpakani. Binti yake Shani yuko ofisi ya mambo ya forodha, ana kompyuta yake peke yake. Kompyuta hiyo tunasimuliwa tangu mwaka juzi. Naijua kuliko redio yangu.

Ameshasikia kuwa Yudita anakuja. Anasema atamwekea mkungu mzuri, umetoka Tukuyu jana. Nikamwambia ahsante, lakini mwanangu hashughuliki na ndizi. Ndizi anauza mtu yeyote. Mwanangu ni mtaalamu, mambo yake ni ya makopo na vidonge.

Mama Shani akaendelea kufuta ndizi zake kwa kitambaa. Hakuninyanyulia hata macho.

"Haya, jirani. Vidonge vikikwama kooni, ndizi zipo."

Mdomo wa yule mama! Nimerudi nyumbani nimeshaamua. Kopo nitalitafuta, na ndizi sinunui.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi!

Nimevuka mpaka kwenda Nakonde. Yudita alikuwa ameniandikia neno lile kwenye simu, kwa Kiingereza, nikaenda nalo duka kwa duka nikiwaonyesha. Duka la dawa wakaniambia hiyo lazima daktari aandike. Wivu tu. Nikatembea hadi nikaona duka moja safi, limepangwa vizuri, majembe upande mmoja, makopo upande wa pili. Wenzetu Wazambia wanachanganya biashara. Na pale juu, neno lenyewe! Herufi kubwa, rangi ya kijani, na chini yake picha ya ndizi zilizonona mpaka unatamani kuzimenya. Maneno mengine nilielewa mawili, la kukua na la nguvu.

Muuzaji kijana wa heshima. Ananiita bamayo, yaani mama kwa lugha yao. Kiswahili chake cha kuokoteza lakini tulielewana. Kanionya kuwa ni kali, kijiko kimoja kinatosha ndoo nzima. Nikafurahi. Dawa ya kijiko kimoja kwa ndoo ndiyo dawa! Halafu akaniuliza kama vya kwangu vimeshaanza kutoa maua. Nikaona huu sasa ni utani wa kiume, nikamkunjia uso, akafunga kopo kwenye mfuko.

Njiani nilikuwa nalitoa kila mara nilitazame. Hata karani wa mpakani alilitazama. Aliniuliza nina shamba kubwa? Nikamwambia nina binti serikalini.

Alhamisi, 6 Machi

Nimelijaribu kabla sijamtia mwanangu aibuni. Mimi si mjinga. Nikakoroga kijiko kwenye ndoo kama kijana alivyosema. Nikachovya kidole, nikaweka kwenye ncha ya ulimi.

Chumvi, uchungu, na kitu kama kulamba betri. Nilitema mpaka mate yakaisha. Nikasukutua. Ni kali kweli, kijana hakunidanganya. Chochote kitamu hakitibu.

Nilipogeuka kutafuta kifuniko, Yonasi ameshachukua ndoo akamwaga kwenye maboga yaliyo nyuma ya choo. Anasema alidhani ni maji ya kufulia. Dawa ya kutoka nje ya nchi, kwenye maboga! Nilimsema mpaka akaenda kukaa kwa jirani.

Ngassa kaja na maziwa, yule mfugaji wa kule bondeni Momba. Nikamsimulia. Akasema hata yeye ng'ombe zake anazinunulia dukani jiwe la madini, zinalamba siku nzima na zinang'aa. Umesikia? Ng'ombe wa Ngassa wanapata madini ya dukani, halafu wanawake wa Mpemba wapewe maharage!

Ijumaa, 7 Machi

Yudita kafika jioni, matope hadi magotini. Ile barabara ya Chitete ni adui wa viatu. Amekonda lakini macho yake yale yale. Nimempikia kuku.

Akauliza kama vyakula vyake vya kesho viko tayari. Nikasema kila kitu kipo. Si uongo. Kipo.

Alinikuta namwaga maji niliyochemshia mboga, akanishika mkono. Anasema kule ndiko potasiamu inakokwenda, nichemshe kwa maji machache na mchuzi wake niule. Nikamwambia mama yangu alimwaga na aliishi sana. Akasema sawa mama, huku anacheka.

Baada ya chakula akafanya mazoezi mbele yetu, amesimama kwenye zulia kama yuko bungeni. Anasema mtu mzima mwenye afya anapata potasiamu ya kumtosha kwenye chakula cha kila siku akila mchanganyiko. Vidonge vyake si vya kujinunulia. Mwenye figo mbovu, au anayetumia baadhi ya dawa za presha, vinaweza kumdhuru mpaka moyo. Mpaka daktari aseme.

Nimesikia vizuri sana. Kitu mpaka daktari aseme! Kina hadhi hicho. Mama Shani hana kitu chochote mpaka daktari aseme.

Ana wasiwasi, mwanangu. Ananiambia Bwana Ezron hacheki. Nikamwambia kesho atacheka.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika usiku huu huu.

Uwanja ulijaa. Akina mama sare ya kitenge cha zambarau, Mama Shani safu ya mbele na kanga mpya juu yake. Meza nilipamba mwenyewe asubuhi mapema, kitambaa cheupe, maua ya plastiki, na katikati kitu kimefunikwa kwa leso.

Yudita akasalimia, sauti nzuri, watu wakanyamaza. Akageukia meza. Akanitazama. Akauliza pole pole ndizi ziko wapi.

Nikasimama. Nikavuta leso.

Kopo liling'aa pale, jamani! Akina mama wakasema aah. Nilimtazama Mama Shani. Kisha nikamtazama Yudita, na uso wake haukuwa uso niliokuwa nautarajia. Ulikuwa kama siku ile alipokuwa mdogo akaangusha chungu cha bibi yake.

Bwana Ezron alinyanyuka kwenye kiti. Mtu mrefu, mkavu. Akavaa miwani. Akasoma mbele. Akageuza akasoma nyuma.

"Mama," akasema, "umekula hii?"

Nikasema nimeonja tu, ncha ya ulimi.

"Hii ni mbolea, mama. Mbolea ya migomba."

Nilisikia lori linapita barabarani. Nilitamani linipitie. Nyuma mtu akaanza kucheka, akazibwa mdomo. Bwana Ezron akatoa kalamu mfukoni. Si mimi alikuwa anakwenda kumwandika. Ni mwanangu.

Yudita akanyoosha mkono, akalichukua kopo kwake kwa adabu. Akaliinua juu watu wote walione.

"Akina mama, nilimwomba mama yangu anianzishie somo. Hiki ni chakula cha mgomba. Potasiamu imo humu, tena nyingi, lakini si ya kwetu. Mgomba ndio unaokula hii. Sisi tunakula ndizi. Kazi ya kula mbolea mgomba umeshatufanyia."

Halafu Mama Enesi wa kwaya akaangua kicheko, na uwanja mzima ukafuata, kicheko kizuri, cha kuelewa. Yudita akauliza nani ana ndizi hapa.

Kila mtu akamtazama Mama Shani. Akainuka taratibu kama mgeni rasmi, akavuka barabara, akarudi na mkungu kichwani. Uleule wa Tukuyu. Aliutua mezani, akasogeza maua yangu ya plastiki pembeni, akaketi. Wengine wakakimbilia majumbani, huyu viazi, yule maharage, mwingine parachichi. Meza ikajaa mpaka kitambaa cheupe hakionekani.

Mwanangu akafundisha! Aliwaonyesha kuwa mlo wa kawaida, ugali, maharage, mboga na tunda, ukiuzungusha wiki nzima, unatosha. Mama Enesi akauliza habari za vidonge, mumewe ana presha. Yudita akamwambia asije akamnunulia kidonge cha potasiamu kwa kusikia tu, waende wote hospitali waulize. Bwana Ezron akaandika, akaandika. Mwishoni akala ndizi, akasema mbele ya watu kuwa hajawahi kuona somo lililoanzishwa vile. Aliposema hivyo alikuwa ananitazama mimi, muda mrefu.

Na alicheka. Kidogo, lakini nilimwona.

Watu walipotawanyika Yudita alinivuta nyuma ya darasa. Kopo bado liko mkononi mwake. Akaniuliza swali.

"Mama, unaionea aibu kazi yangu?"

Nikasema hapana. Nikamfunga kitambaa chake cha kichwani vizuri, kilikuwa kimelegea. Nikasema hapana mara nyingine tena. Akaniegemea begani, mtu mzima vile, afisa, akacheka mpaka akalia.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani wote wananipongeza. Mama Enesi wa kwaya anasema nilitulia sana pale mbele, yeye angezimia. Nikamwambia mambo yale tuliyapanga mimi na Yudita. Mwenyewe si alisema mbele ya watu? Sasa mimi ni nani nimkanushe afisa wa serikali?

Mama Shani kanisubiri nje. Nikajiandaa. Akasema tu kuwa Yudita anafundisha vizuri, hata Shani mwenye kompyuta asingeweza kusimama vile. Sikujua niweke wapi mikono. Nikanunua ndizi zake. Nyingi. Yonasi anauliza tutazila lini.

Jumapili, 23 Machi

Amethibitishwa! Yudita kapiga simu asubuhi, barua anayo mkononi. Nimepiga vigelegele mpaka kuku wakatoka bandani. (Mlango haukufungwa.) Bwana Ezron kaandika kuwa anajua kutumia mifano ya mazingira. Mfano ni nani? Mfano ni mimi.

Na jambo jingine. Maboga ya nyuma ya choo, pale Yonasi alipomwaga ndoo, majani yametanuka kama masinia. Upande wa pili yako vile vile. Nimempikia Yonasi majani hayo, maji machache kama mtoto alivyosema, tumekula na mchuzi wake. Tangu jana nasikia nguvu miguuni. Nimemwambia Yonasi, unaona sasa? Nilikuwa nimenunua dawa, si takataka. Anatafuna.

Mwezi ujao Yudita anarudi Mpemba. Somo ni madini ya chuma, ya kuongeza damu. Nikauliza atakuja na nini. Akasema nimtafutie dagaa, mboga za majani, na maharage.

Maharage tena!

Nimekaa chini.

Safari hii sikurupuki. Kosa nimeliona: niliamini picha ya ndizi, na ndizi haina damu. Kwa hiyo nimeuliza kwanza. Ngassa anasema Nakonde kuna chupa ya dawa yenye madini ya chuma, ndama wake alikuwa hasimami, wakampa ile, kesho yake anaruka. Nimemhoji vizuri sana picha iliyoko kwenye chupa. Hakuna ndizi hata moja. Kuna ng'ombe, kanona, macho yanang'aa, na ng'ombe ana damu kama mimi.

Kitambaa cheupe nimeshakifua. Kesho navuka mpaka mapema.