Filimbi Moja kwa Ajili ya Warigia

Jumatatu, 10 Agosti 2009
Nimepata kinanda cha mabomba! Mabomba yenyewe hayapo. Yamo kwenye sidii. Wazungu fulani walirekodi kila bomba la kanisa lao, sasa unayapiga kupitia kompyuta. Abdinasir, muuza kompyuta kuukuu, amenipa moja kwa baiskeli yangu. Akaniambia, ndugu yangu, hii mashine ni mzee, usiikimbize. Nimemjibu mimi sikimbizi kitu, mimi naota tu.

Sababu ni Warigia. Yeye ndiye aliyekuwa akiipa kwaya sauti za kuanzia, amesimama kando ya kinanda cha zamani cha kanisa nilichokuwa nikipiga. Vita vya uchaguzi vikaja. Kinanda kikaungua, majirani wakafukuza watu wa kabila lake, yeye akakimbilia Nakuru. Jumapili anakuja kuona kama ataweza kuishi Eldoret tena. Nimemngoja mwaka na nusu. Akisikia mabomba, atarudi. Asiposikia, basi. Basi kabisa!

Jumatano, 12 Agosti
Kompyuta imeanza kupakia mabomba saa ya chai. Mpaka ugali wa mchana, bado inapakia. Ikafika nusu, ikazima. Abdinasir amecheka hadi akashika ukuta. Anasema haina nguvu ya kubeba yote, nichague. Nichague! Nimetoa tarumbeta. Nimetoa yale manene yanayonguruma. Karibu nilie. Imebaki filimbi moja.

Nikabonyeza. Kimya. Nikaanza kuinuka, ndipo ikaja, polepole, baridi, kama upepo wa msitu wa Kaptagat. Nilifumba macho mpaka chai ikapoa. Nilimwona Warigia waziwazi, na lile sweta lake la kijani.

Ijumaa, 14 Agosti
Shida ndogo. Sauti inachelewa. Dawa nimeipata: nabonyeza kabla kwaya haijafika hapo. Kwenye mazoezi wao wakaningoja mimi, mimi nikawangoja wao, wimbo ukalala. Wilson akasema kwa nguvu kwamba tutamaliza Krismasi. Huyo ana kakinanda ka midundo ya disko. Anajidai kwa sababu kanatumia betri na siku hizi stima ni ya mgao. Mama Selpha, mwenyekiti wa kwaya, ameamua: nikishindwa, Wilson atapiga. Haya. Tutaona.

Jumamosi, 15 Agosti
Nimetoa betri za Wilson. Ziko nyumbani kwangu, ndani ya gunia la mahindi ya Sugoi. Bwana nisamehe. Ni kwa ajili ya muziki.

Jumapili, 16 Agosti
Amekuja. Sweta ni lile lile! Aliketi nyuma kabisa, karibu na mlango, mkoba mapajani. Hakuna aliyejua amwambie nini. Watu walitazama viatu vyao. Moyo uliniuma.

Nikabonyeza. Tukangoja. Filimbi ikaja, tamu, ikajaa mpaka kwenye mabati. Mstari wa kwanza. Wa pili. Stima ikapotea!

Mama Selpha akamwashiria Wilson. Wilson akabonyeza, wapi! Akageuza kinanda chake, akafungua, hakuna betri. Nikatazama dari. Hapo nikajua nimempoteza.

Kisha Warigia akainuka kule mlangoni. Akatoa sauti kama zamani: do ya besi, mi, so. Ilitetemeka kidogo. Besi wakaipokea. Mama Selpha akamfuata, akamshika mkono, akamleta mbele mpaka mahali pake. Tuliimba beti zote. Nililia na sioni haya.

Baada ya ibada akasema anatafuta nyumba hapa mtaani, Pioneer.

Jumatatu, 17 Agosti
Anarudi! Mistari miwili ya filimbi moja, na mtu anahama Nakuru! Sasa fikiria mabomba yote. Warigia amenieleza taratibu kwamba kilichomrudisha ni zile sauti za watu, na kwamba hata Jumapili ijayo kompyuta ipumzike. Mpole kweli. Anaogopa nisivimbe kichwa.

Nimetoka kwa Abdinasir sasa hivi. Ana mashine kubwa zaidi, inabeba hadi tarumbeta. Baiskeli sina tena. Kama malipo ya kwanza nimempa betri za Wilson.