Maziwa ya Vumbi

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita

Moulin ya kusaga mahindi inalia tangu saa moja. Mi niko kwa mulango, nashona magunia. Unga ya mahindi, inaenda Goma. Kwa mulango upepo ya Kivu inaingia, vumbi kidogo tu. Ndiyo shida yangu yote! Patronne Donatille, mwenye moulin, anasema maziwa inaosha kifua, donc kila saa kumi anagawa maziwa ya kuchemusha, nusu litre kwa mutu. Lakini wa ndani tu, wale wa vumbi. Muzee Siméon, mwenye anamwanga mahindi kwa kinywa ya mashini miaka kumi na moja sasa, anakunywa yake polepole mbele yangu. Anakohoa, anapangusa midomo, anakunywa tena.

Na mi niliisha kumuahidi Iribagiza maziwa. Anauza chai karibu na Grande Barrière, kwa mupaka ya Goma. Iko na banc moja tu ya kukalia. Wanaume wote wanakunywa wamesimama. Aliniambia mwenye atamuletea maziwa kila siku, huyo atakaa.

Leo Donatille ametangaza: kesho anakuja dada mumoja toka Kigali, kupima vumbi yenye tunapumua. Kupima! Vumbi mingi, maziwa mingi. Nimecheka peke yangu, sindano mukononi.

Jumanne, tarehe 4

Dada anaitwa Umutoni. Alikulia Tanzania, Kiswahili yake imepigwa pasi. Ametufunga mashini mbili: moja kwa Siméon, moja kwangu, ili alinganishe ndani na mulango. Kaboksi kwa mukanda, mupira ya hewa inapanda mugongoni, kakichwa hapa kwa kola, ndani yake karatasi nyeupe. Ati inavuta hewa kama vile pua yangu inavuta. Tusiiguse. Tusiifunike. Tufanye kazi kama kila siku.

Kama kila siku! Saa ine akaenda kumuuliza Donatille maneno ya fagio. Nikaingia ndani mbio. Nikaweka kola karibu na unga. Karatasi inabaki nyeupe-nyeupe. Nikashika ngumi moja ya unga, nikaipulizia. Karatasi ikashiba. Chapati yangu pia nikaikulia juu yake. Sijui kama inasaidia.

Jioni Umutoni akafungua kakichwa, akaangalia. Akaniangalia mi. Akafunga kwa sanduku, akarudi Kigali. Nazani nilimufurahisha.

Jumatatu, tarehe 10

Umutoni amerudi na majibu. Kwanza Siméon: vumbi yake inapita kiwango mara ine. Umutoni anataka bomba ya bati, yenye kunyonya vumbi pale pale kwa kinywa ya mashini mbele haijafika kwa pua ya mutu. Fagio zitupwe, sakafu ipanguswe na maji. Masque ya kufunika pua ni ya mwisho, si ya kwanza. Donatille akauliza: na maziwa yangu, haitoshi?

"Maziwa yanakwenda tumboni, mama. Vumbi liko kwenye mapafu. Hayo mawili hayajawahi kukutana."

Kisha yangu. Alisoma mara mbili.

"Kwa hesabu hii, kaka, wewe ulikufa Jumanne kabla ya saa tano. Ukiwa unakula chapati."

Wote wakacheka. Na mi nikacheka, ya aibu. Umutoni akasema mutu alimwanga unga mule ndani, sasa aeleze. Lakini Donatille akashika hapo hapo: kama mashini ya mulango inaongopa, na ya ndani inaongopa. Hakuna bomba!

Mi nikarudi kushona gunia, siri yangu ndani. Bomba haikuji, maziwa inabaki. Akili ya mukubwa, hii!

Saa kumi Siméon akanifuata kwa mulango. Akamwanga maziwa yake yote kwa kikombe yangu. "Kunywa, Gentil wangu. We uko kijana, kifua yako bado inaweza kupona." Halafu akakohoa mpaka akashika ukuta. Ameamini naenda kufa, muzee wa watu.

Nikabeba kikombe mbio kwa Iribagiza. Akauliza nimetoa wapi. Nikamuelezea yote, nikicheka. Yeye hakucheka. Alipika chai ya maziwa, harufu muzuri, nikawa nimeisha kuinama kukaa. Akaimwanga yote kwa thermos, akafunga.

"Pelekea muzee. Na kwa banc yangu hutakaa, mpaka useme mbele ya patronne."

Jumanne, tarehe 11

Nimesema. Mbele ya wote. Donatille alinitukana kwa Kinyarwanda, kisha Kifaransa, kisha akarudia Kinyarwanda, kwa sababu ndiyo iko na matusi mingi. Umutoni amepima tena. Safari hii kakichwa yangu ilizungushiwa scotch, ile plastiki ya kunata, na yeye alisimama pembeni yangu siku nzima. Siméon hakukasirika. Aliuliza tu kama chapati ilikuwa muzuri.

Alhamisi, tarehe 27

Vipimo vilirudi: Siméon vilevile mara ine, mi karibu na zero. Donatille hakupata tena pa kukimbilia. Bomba imefungwa! Inanyonya kama mutoto mwenye njaa. Tumeona ukuta ya nyuma. Kumbe ni kijani, hakuna mwenye alijua. Siméon amekohoa mara mbili tu tangu asubuhi, nimehesabu. Maziwa imekwisha kwa wote. Fagio pia. Ndoo na kitambaa nimepewa mi, ndiyo azabu yangu, kila siku mpaka patronne asahau. Na yeye hasahau.

Lakini Iribagiza alisikia nilikubali kosa mbele ya watu. Alipangusa banc, akasema kaa. Nikakaa! Dakika kumi nzima. Wanaume wamesimama wananiangalia. Halafu akasema inatosha, hiyo ni ya kosa moja.

Donc, nimeshika somo. Unakosa, unakubali, unakaa. Sasa natafuta kosa ingine, kubwa kidogo, ya kufikia nusu saa.

Na Mungu iko: Jumatatu Umutoni anarudi, kupima kelele. Kamashini inafungwa hapa, karibu na sikio. Nimeisha kuazima ngoma ya korali.