Magritte wa Nyalukemba

Jumanne, 14 Novemba 2023

Viza imekataliwa. Mara ya tatu! Barua ni ileile, tarehe tu ndiyo mpya. Eti hakuna uthibitisho wa kutosha kwamba nitarudi nyumbani. Safari hii nilikuwa nimeambatisha picha ya mke wangu Séraphine, amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Mtu yeyote mwenye macho angejua kwamba nitarudi, tena mapema. Hawakujua.

Na sikuomba makubwa. Siku moja Bruseli, kwenye makumbusho ya mchoraji René Magritte. Niingie wakifungua, nitoke wakifunga. Hata kula sitakula.

Miaka kumi na tisa nampenda mtu huyu. Ilianzia sokoni, muuza sambaza aliponifungia samaki katika ukurasa wa kalenda ya zamani. Mtu wa koti jeusi na kofia, tufaha limemziba uso. Nikasimama palepale. Sambaza zilioza, mimi bado naangalia. Baadaye nikasoma kwamba naye alichora matangazo ya biashara kabla hajawa mkubwa. Mimi nachora vibao vya saluni na famasi. Mwenzangu kabisa!

Jumatano, 15 Novemba

Hadji Aboubakar! Jirani yangu, muuza vitenge. Mwezi wa nane alikwenda Bruseli kumwona binti yake Nafisa. Leo, chai mkononi, ananiambia kama habari ndogo kwamba aliingia kwenye makumbusho ya Magritte. Nikamuuliza kwa nini. Akasema mvua ilikuwa inanyesha.

Mvua! Mimi nimenyimwa mara tatu, yeye aliingia kujikinga!

Nikajizuia. Nikamuuliza aliona nini. Akasema picha. Picha zipi? Akafikiri sana, akasema choo chao ni kisafi ajabu. Nimeondoka bila kuaga, na chai yake sikuimaliza.

Nimeshaamua. Nitafungua makumbusho yangu mwenyewe, hapahapa mtaani Nyalukemba, sebuleni kwangu. Picha ninazo kumi na moja, nimezinakili kwa mkono wangu kwa rangi zilizobaki kwenye makopo ya kazi. Mawingu yangu yana kijani kidogo, kijani cha famasi. Nani atajua? Hadji aliyetazama choo?

Ijumaa, 17 Novemba

Nimetoa kabati. Nimetoa makochi pamoja na vitambaa vyake vya kufuma. Nimepigilia misumari kumi na moja. Séraphine alirudi kutoka sokoni nikiwa kwenye msumari wa kumi na mbili, wa akiba.

Alichosema sitakiandika chote. Kwa ufupi: binti yetu Sifa ameposwa. Jumapili ya tarehe 26 wakwe wanashuka kutoka Bunyakiri kuja kujitambulisha. Sebule iwe sebule. Je, mimi ni mzazi au ni kitu gani?

Nikatetea sanaa. Mwishoni tumepatana. Hadi Jumanne jioni nipate majina thelathini ya watu waliokuja kwa hiari yao kutazama picha, yaandikwe daftarini kwa mkono wao. Nikiyapata, makumbusho yanabaki, na wakwe watakaa kati ya picha. Nikiyakosa, picha zinakwenda kwenye banda la kuku, na jina la Magritte halitajwi tena nyumbani humu maisha yangu yote.

Nikasema thelathini ni kidogo, nitaleta hamsini. Sijui kwa nini husema maneno kama hayo.

Jumapili, 19 Novemba

Siku mbili, jina moja. Ni langu, na Séraphine amelifuta.

Kampeni za uchaguzi zimeanza leo na mji mzima umejaa sura zilizochapwa kwa mashine. Hakuna anayetaka tena mkono wa mchora vibao. Bwana mmoja alisimama mbele ya mtu wangu wa kofia akauliza: "Ule muzee ni numéro ngapi?" Nikamweleza kwamba si mgombea. Akapoteza hamu papo hapo. Maman Consolate, mjane wa nyumba ya chini, alikuja kuomba chumvi akatazama picha mbili, lakini kuandika jina alikataa katakata. Anasema wakati huu wa kura mtu haandiki jina ovyo.

Hadji alipita njiani. Akauliza kiingilio ni nini. Nikasema bure. Akasema hata bure anaona ni ghali, akacheka peke yake hadi kwenye kona.

Bado thelathini.

Jumatatu, 20 Novemba

Nimepata! Kesho, tarehe 21, Magritte anatimiza miaka mia moja na ishirini na mitano tangu azaliwe. Tutasherehekea kwa heshima, kama wanavyofanya wenyewe kule. Kosa langu lilikuwa kungoja watu ndani. Lazima mambo yaonekane kutoka barabarani.

Nimeazima turubai, maana mvua ya Novemba haina adabu. Viti vya plastiki sitini, vimepangwa vikitazama lango. Meza yenye kitambaa cheupe, juu yake daftari, kalamu na maua. Langoni nimesimamisha picha kubwa ya mtu wa koti jeusi, na chini yake, kwa herufi zangu nzuri kuliko zote: RENÉ MAGRITTE, 1898–1967. Nimeweka matawi barabarani ili magari yapunguze mwendo, watu wasome. Kipaza sauti nimekipata, ila muziki uliomo ni wa kwaya tu. Si neno, wanaimba vizuri, polepole.

Nitavaa suti yangu nyeusi ya harusi. Séraphine amezunguka uwanja mara moja, akaniangalia, akaanza kusema kitu, akaacha. Wivu huo.

Jumanne, 21 Novemba

Siku kubwa ya maisha yangu. Niandike taratibu.

Saa mbili asubuhi wanawake wanne walikuwa tayari chini ya turubai, wamekaa chini kwenye mkeka ingawa viti vipo. Nikasema moyoni, ona jinsi sanaa inavyomnyenyekeza mtu. Kisha akaingia Maman Consolate. Alipoiona picha ya langoni alishika kichwa kwa mikono miwili akalia kwa sauti. Miaka kumi na tisa nimengoja mtu alie mbele ya picha ile! Nikamkumbatia. Nami nikalia. Tukalia wote.

Akauliza kama mzee aliugua. Nikamjibu ukweli, kwamba ni ugonjwa wa tumbo. Akatikisa kichwa. Akaandika jina daftarini bila kuombwa.

Watu wakazidi kuingia. Wanawake walileta maharagwe, sukari na makaa. Chai ikawashwa uani kwangu bila mimi kusema neno. Nilijiuliza kama Bruseli nako wageni hujipikia. Kufikia saa nne nilikuwa na majina ishirini na sita. Ndipo Maman Consolate alipokuja karibu na sikio langu: "Papa Venant, maiti itafika siku gani?"

Nikatazama turubai. Nikatazama viti, maua, daftari, matawi barabarani. Nikasikia kwaya. Nikatazama suti yangu.

Matanga. Nimefungua matanga! Na hapa kwetu hakuna anayepita matanga bila kuingia. Ile miaka chini ya picha wengi hawakuisoma, na waliosoma walisema Venant hukosea kwenye vibao vyote.

Ningeweza kusema ukweli pale. Naliandika hili ili lijulikane. Lakini majina yalikuwa ishirini na sita, na lango lilikuwa limejaa watu. Nikasema maiti itabaki Bruseli. Wakauliza kwa nini. Nikasema: viza. Turubai zima likaguna kwa uchungu. Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Dhamira ilinisumbua kidogo, ndiyo. Nikakata boksi, nikaandika HAYA SI MATANGA, nikalitundika chini ya picha. Magritte mwenyewe alichora kiko akaandika chini yake kwamba si kiko, kwa hiyo nilikuwa katika njia yake. Watu walisoma wakazidi kulia. Nilisikia mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba ndugu yao Venant bado hajakubali.

Saa sita akafika Christophe, mgombea ubunge, na magari mawili. Akavua kofia. Akahutubia. Alisema alimfahamu Mzee Magritte binafsi, mtu wa watu, na kwamba mara ya mwisho walipoonana mzee alimshika mkono akamsihi alete maji Nyalukemba. Aliahidi pia kutengeneza barabara hii ambayo marehemu aliipenda sana. Akapigiwa makofi, kisha watu wakakumbuka kwamba ni matanga wakaacha. Jina lake limeshika mistari mitatu.

Wa mwisho alikuwa Hadji Aboubakar, kanzu nyeupe. Mtu mmoja tu katika uwanja ule alimjua Magritte ni nani, na alikuwa yeye. Akaitazama picha. Akawatazama watu. Akanitazama mimi. Nikangoja anivue nguo mbele ya mtaa mzima. Alivua viatu, akaingia sebuleni peke yake, akakaa humo muda mrefu sana. Alipotoka aliandika daftarini akaenda zake, hata chai hakunywa.

Majina themanini na saba! Séraphine atanieleza nini sasa?

Jumatano, 22 Novemba

Séraphine amenieleza.

Aliketi na daftari, miwani usoni, kalamu nyekundu mkononi. Tulisema watu waliokuja kutazama picha, akanikumbusha. Akaanza ukurasa wa kwanza. Aliyeandika "Pole sana kwa familia", akamkata. Aliyeandika "Mungu amupokee", akamkata. Christophe alimkata mara mbili. Nilimwambia kwamba hakuna makumbusho duniani ambayo watu themanini na saba walilia kwa siku moja. Aliendelea kukata.

Limebaki jina moja. Hadji Aboubakar. Chini ya jina ameandika kwa mwandiko wake mdogo wa dukani: "Anga la Venant nimelitazama. Lile la Bruseli nilipita tu."

Nilisoma mara tano. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikasimama huko, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka Séraphine afikiri ni kwa ajili ya dau.

Jioni nimehamisha picha bandani. Kuku mmoja ameshataga chini ya mawingu ya kijani. Jina halitajwi tena ndani ya nyumba. Ila shajara hii si ndani ya nyumba. Magritte! Magritte! Magritte!

Ijumaa, 24 Novemba

Balaa. Habari za msiba zimefika Bunyakiri. Wakwe wametuma neno: mazungumzo ya ndoa hayafanywi katika nyumba yenye msiba. Jumapili watakuja, lakini kutoa pole tu. Ndoa itangoja, haijulikani hadi lini.

Sifa hajala tangu asubuhi. Amekaa jikoni, haniangalii. Hilo limeniuma kweli, kuliko barua zote tatu za viza. Séraphine hapigi kelele, na hiyo ndiyo dalili mbaya kabisa. Amenipa sentensi moja ya kuwaambia: hakuna aliyekufa, yule si mtu wetu, mimi nilikuwa natundika picha zangu. Amenifanya niirudie mara tatu nikiwa nimeshika Biblia. Nimeirudia.

Jumapili, 26 Novemba

Walikuja saba, wamevaa nyeusi, na mbuzi. Sebule ilikuwa imerudi sebule, makochi na vitambaa vyake. Msemaji wao alikuwa Mzee Xavier, baba mkubwa wa kijana, mtu mpole wa sauti nzito. Alitoa pole kwa niaba ya ukoo. Kisha akauliza: "Marehemu alikuwa nani yako, Papa Venant?"

Sifa alikuwa kwenye mlango wa jikoni, ameshika sahani zisizo na kitu. Séraphine alinikazia macho. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni, hata nilifungua mdomo. Hakuna aliyekufa, yule si mtu wetu.

Si mtu wetu! Miaka kumi na tisa! Sikuweza. Nasema wazi, na anayetaka anihukumu: sikuweza. Nikasema alikuwa mukubwa wangu katika kazi. Kwamba ndiye aliyenifundisha kutazama. Kwamba mara tatu niliomba kwenda kwake na mara tatu nilikataliwa. Hakuna neno hata moja la uongo hapo!

Mzee Xavier aliinamisha kichwa. Akasimama, wote wakasimama, tukanyamaza dakika nzima kwa ajili ya Magritte. Kisha akasema kwamba mtu anayemlilia hivi mkubwa wake wa kazi, nyumbani kwake mtu anaweza kuoa bila wasiwasi. Ila msiba uondolewe kwanza, kwa utaratibu. Wamepanga Jumamosi, tarehe 9 Desemba. Asubuhi tutaondoa matanga, mchana tutazungumza ndoa. Watakuja watu arobaini. Akaomba turubai liwepo, viti viwepo, picha ya marehemu iwe langoni, na daftari mezani. Akaongeza kwamba, ikiwezekana, watu waonyeshwe na kazi zake.

Kazi zake! Amesema yeye, si mimi. Sifa alicheka kwa sauti, akakimbilia jikoni, na nikasikia anakula. Séraphine alijifunika uso kwa kitenge. Mabega yalikuwa yanatikisika, na hadi sasa sijui kama alikuwa analia au anacheka.

Nimetoa picha zote bandani na kuzifuta moja moja. Alama za kuku zimebaki kwenye mawingu mawili, na zinapendeza. Nimetengeneza daftari jipya. Hadji ameomba mwenyewe awe mlangoni kueleza wageni, kwa kuwa amefika Bruseli. Nimekubali, mradi asitaje choo.

Jambo moja tu halijakaa sawa. Ukuta wa kushoto una nafasi, na ule msumari wa kumi na mbili haujapata picha. Nimeanza kumnakili yule mchoraji Mhispania wa masharubu marefu, mwenye saa zinazoyeyuka kama siagi. Alifariki mwaka 1989. Séraphine bado hajui kwamba tuna msiba mwingine.