Waliojifanya Wameacha

Machozi aliingia ukumbini kufuata chai ya bure, akatoka na wazo. Watu watakuambia maovu huanza na shida. Wapi! Mengi huanza na mtu aliyeshiba ambaye hana la kufanya mchana.

Jukwaani alisimama jamaa mmoja wa miraba minne, analia kama kafiwa, anaeleza alivyokuwa akivunja maduka na alivyoacha. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja aliyekaa kiti cha mbele, mjane wa tajiri wa malori, akanyanyuka akamkabidhi yule mwizi mstaafu mkokoteni wa kuuzia matunda. Tena mpya, magurudumu bado yananuka mpira!

Machozi nusura apaliwe. Jina lake hilo alipewa kwa sababu aliweza kulia saa yoyote, kwa jicho lolote utakalomchagulia. Miaka yote alikuwa akiwalilia abiria stendi, leo nauli imepotea, kesho mama yu mahututi, na anachoambulia ni cha kununulia sigara. Kumbe kulia ni kule kule, alikuwa amekosea ukumbi tu.

Asubuhi yake akawaita wenzake wawili: Vidole, ndugu wa mkewe, mchomoaji wa mifukoni, na Tofali, mvunja milango.

"Jamani, tunaacha wizi," akawatangazia.

Tofali akashtuka. "Kwani nani kafa?"

"Tunaacha kwa muda, bwege wewe! Tunaacha mpaka yule mama atupe cherehani. Akishatupa, tunaziuza, tunarudi kazini na mtaji."

"Na asipotoa, shemeji?" akauliza Vidole.

"Atatoa. Mimi nitalia."

Akalia, na haki yake apewe: alilia vizuri. Yule mjane aliwapangishia chumba kando ya barabara, akaleta cherehani nne, pasi na meza ya kukatia, akatundika na kibao mlangoni. Kwenye kibao hicho picha yake mwenyewe ilikuwa kubwa kuliko neno USHONAJI. Aliwapenda sana wakosaji yule mama, mradi wawe wamemaliza kukosa na wako tayari kupigwa picha.

Lakini hakuwa mjinga kiasi alichotarajia Machozi. "Vitu hivi bado ni vyangu," alisema. "Siku nikiridhika kwamba mmeacha kweli, nitawakabidhi." Na jambo ambalo Machozi hakulijua, kwa kuwa matapeli huchunguza mfuko wa mtu bila kuuliza habari zake, ni kwamba kabla ya kuolewa kwenye malori mama huyu alikuwa fundi cherehani. Akawa anaingia bila hodi, rula ya mbao mkononi.

"Hii kola au kamba ya mbuzi? Fumua!"

Wakashona, wakafumua, wakashona tena. Machozi yeye hakugusa sindano. Alijipa cheo cha msimamizi, akashinda kumbini akieleza alivyoacha uhalifu. Leo alisikia sauti ndotoni, kesho alimwona marehemu baba yake kavaa nguo nyeupe. Baba yake, kwa taarifa yako, alikuwa hai na afya tele, ila hataki kumwona.

Huku nyuma mambo yakaenda kombo. Vidole, aliyekuwa akiingia mfuko wa mtu kabla mwenyewe hajamaliza kupiga chafya, alijua kuliko mtu yeyote mfuko ukae wapi usiingilike. Akaanza kuwashonea akina mama wa sokoni mifuko ya ndani.

"Hapa usiweke, mama. Hapa unampa kazi nyepesi. Tuuweke hapa, na kifuniko."

"Mwanangu, umejuaje yote hayo?"

"Nimesomea, mama."

Wakajaa pale mlangoni mpaka wanasukumana.

Siku moja Machozi akaja na mpango wa pembeni. Kuna duka, mwenyewe kasafiri, mlango wa nyuma ni mbao tupu. Akamvuta Tofali uani.

"Siwezi, kaka. Kesho asubuhi kuna suruali ya mtu."

"Suruali ya nani?"

"Ya mwalimu. Nimemwambia aje mapema."

Machozi akacheka mpaka akashika ukuta. "Wewe! Tangu lini Tofali akaahidi mtu kitu?"

"Ndiyo hivyo. Halafu mama mkwe alikuja juzi." Tofali akatazama vidole vyake vilivyotobolewa na sindano. "Zamani akija kwangu anakaa kaukumbatia mkoba, mpaka anaondoka. Juzi kauacha kwenye kiti, kaenda zake jikoni. Kauacha na mimi, kaka, peke yangu. Nilitaka kulia."

"Lia basi tuone."

"Siyo kulia kwako huko."

Machozi akatema mate, akaondoka. Mtu aliyehubiri kuacha wizi katika kila ukumbi wa mji, ameoneshwa mwizi anayeacha, macho kwa macho, akadhani ni homa. Itapita, alijisemea. Wakishakabidhiwa, akili zitawarudia.

Mjane akaridhika. Akawakabidhi cherehani mbele ya watu, picha zikapigwa, Machozi akalia kwa macho yote mawili. Kesho yake asubuhi akasimamisha pikapu mlangoni.

"Haya, wanangu, pakieni."

Hakuna aliyeinuka. Cherehani zikaendelea kunguruma.

"Shemeji, husikii? Mnunuzi anangoja!"

"Hatuuzi, shemeji," akasema Vidole bila kuinua uso. "Tunazishonea."

"Hatuuzi? Nani aliwalilia nyie? Nani aliwapa akili? Mbwa wawili niliowaokota jalalani!" Akaikamata cherehani ya karibu. Tofali akaweka kiganja kimoja juu yake, taratibu tu, na cherehani haikusogea tena.

Hapo yule mjane akaingia, bila hodi kama kawaida yake. Machozi akaona njia pekee iliyobaki: kama hapati yeye, basi wakose wote.

"Mama, umetapeliwa! Hawa ni wezi! Hawajaacha kitu, niliwaleta mimi wajifanye tu, ukishatupa vitu tuviuze!"

Mjane akamtazama Vidole aliyeng'ata uzi mdomoni. Akamtazama Tofali na gauni la mtoto mapajani. Akatazama pikapu nje.

"Kama hawa wanajifanya," akasema, "mbona wewe ndiye uliyekuja na gari?"

Dereva wa pikapu hakusubiri jibu, akawasha moto akapotea. Na pazia la kujaribia nguo likafunguka. Akatoka afande wa kituo cha jirani, kofia kichwani, shati limefungwa vifungo vyote, na chini kajifunga shuka, kwani suruali yake ilikuwa kwenye cherehani ya Vidole.

"Endelea, bwana," akasema. "Ulifika pale pa kuuza."

Machozi akapiga magoti. Yakamtoka, safari hii bila kuyaita, na kamasi juu. "Afande, nimeacha! Wallahi nimeacha!"

"Umeacha lini?"

"Sasa hivi!"

Hata mtu mmoja hakupiga makofi. Tofali akasogeza kigoda chake mpaka mlangoni, akakaa, akaendelea na gauni.

"Fundi," afande akamgeukia Vidole, "nimalizie suruali nimpeleke huyu kituoni. Siwezi kupita barabarani na shuka."

Ikabaki pindo la mguu mmoja. Machozi akajikokota kwa magoti mpaka miguuni pa ndugu wa mkewe.

"Shemeji," akanong'ona, "shona polepole."

Vidole akakanyaga cherehani. "Siwezi, shemeji. Mteja anasubiri."