Tume ya Kulinyoosha Neno Frokost

Kwa niaba ya Tume ya Mataifa ya Kaskazini ya Uwiano wa Maneno ya Mezani, makao makuu Copenhagen, nina heshima kuutangazia umma kwamba neno frokost sasa lina maana moja tu. Kazi ilikuwa nzito, na mwanzoni ilifanywa bila kula.

Tatizo mnalijua. Mdenmaki akikualika frokost, anamaanisha saa sita mchana, samaki aina ya heringi juu ya mkate mweusi. Mnorwei akikualika, fika saa moja asubuhi, la sivyo utamkuta anapangusa meza. Mswidi ana frukost yake, ya asubuhi pia, na anashangaa wenzake wanavyoiharibu. Wote watatu waliliokota kwa Wajerumani wa zamani, ambao kwao lilikuwa "chakula cha mapema". Wadenmaki ndio waliochelewa nalo njiani.

Siku ya mwisho ikafika: mawaziri wa nchi zote tatu wangekuja mchana kuchukua uamuzi. Wakiukosa, Tume inavunjwa, nasi tukatafute kazi za kweli.

Kwa hiyo Mkurugenzi wetu, Bwana Preben Skovgaard, Mdenmaki mwenye kitambi cha kuheshimika, alitoa agizo asubuhi ile: asile mtu frokost ndani ya jengo hili mpaka neno lipate maana. Kitaalamu huo ni usuluhishi shirikishi wa tumbo tupu. Mtaani wanaita roho mbaya. Mwenyewe hakuwa ametia kitu mdomoni tangu aamke. Alikuwa anaitunzia heringi nafasi.

Mimi, katibu msaidizi, nililisoma agizo kwa sauti. Mama Gudrun Tveit, mjumbe wa Norwei, alisikiliza mpaka mwisho, akafungua mkoba, akatoa mkate wake wa jibini la kahawia, kila kipande kimetengwa na mwenzake kwa karatasi.

"Mama Gudrun, agizo," nikamnong'oneza.

"Limekataza frokost, mwanangu. Frokost nimekula kwangu. Hii ni matpakke."

Yaani mkate wa kufunga, ambao Mnorwei hutembea nao tangu darasa la kwanza mpaka kustaafu. Sheria ya kumnyang'anya bado haijatungwa.

Sixten Hallin wa Uswidi naye akamimina kahawa, akafunua mikate ya mdalasini. "Na hii ni fika, mapumziko ya kahawa ya Kiswidi," akasema. "Si chakula. Ni haki ya mfanyakazi."

Wakatafuna. Mkurugenzi akawatazama kama paka mlangoni mwa bucha.

"Gudrun, dada yangu. Kipande kimoja tu."

"Nimefunga vya mtu mmoja, Preben. Ungenipigia simu jana."

"Sixten, ndugu yangu?"

"Mimi sina neno, ila sisi hatuamui mpaka wote tukubaliane. Gudrun, unakubali nimpe?"

"Nalifikiria," akasema Mama Gudrun, mdomo umejaa.

Tumbo la Mkurugenzi likatoa hoja. Nikaiingiza kwenye kumbukumbu za kikao.

"Saa ngapi sasa?" akaniuliza.

"Saa tatu, bosi."

"Ni asubuhi hiyo?"

"Kwa viwango vyote vya Ulaya, bosi."

"Basi frokost ni chakula cha asubuhi. Lete kalamu."

Ndivyo Denmaki ilivyosalimu amri bila risasi hata moja. Wino haujakauka, Mkurugenzi alikuwa kantini, akiifyeka heringi yote iliyoandaliwa kwa ajili ya mawaziri. Alikuwa ndani ya sheria kabisa. Sheria ilikuwa yake.

Saa sita mawaziri wakaingia, wamejinyima tangu asubuhi makusudi. Waziri wa Denmaki akasugua viganja. "Haya jamani, frokost iko wapi?"

"Ilipita asubuhi, Mheshimiwa," nikamjibu, nikamkabidhi uamuzi. "Hongera sana."

Akausoma. Akamtazama Mkurugenzi, ambaye alikuwa na pezi la heringi kwenye tai. "Sasa tunakula nini?"

Birthe, mpishi wetu, akachungulia dirishani mwa jiko. "Kinachofuata ni middag, Mheshimiwa. Lakini viazi havijamenywa."

"Huyu atamenya," akasema Waziri, na Mkurugenzi akavalishwa aproni.

Nifafanue kwamba middag maana yake ni "mchana", na nchi zote tatu huila jioni. Neno hilo halina mgogoro wowote.

Mawaziri wakaketi. Jua la Desemba likazama, taa za barabarani zikawashwa, nao bado wako mezani, wanausubiri mchana.