Isale la Sebuleni na Vijiko Vitatu

Wenzangu, leo mwenzenu nimeadhirika. Mchana kweupe. Mbele ya wageni.

Naandika mapema kabla hamjasikia kwa wengine, maana akina mama watatu wa jumuiya ya kanisani wameshuhudia, na mmoja wao mnamjua, habari haikai tumboni mwake hata dakika tano.

Mnajua niko hapa Moshi mjini kwa mwanangu tangu daktari aseme sukari yangu imepanda. Mwanangu mwenyewe yuko mlimani na watalii anaowapandisha. Anayeniuguza ni mkwe wangu, Mama Neema. Anaamka kabla ya jogoo, ananipikia uji wa ulezi, ananiachia pembeni ya kochi, anakimbilia kazini.

Sasa, hapo pembeni ya kochi kuna isale kwenye chungu cha maua. Kwa ninyi mlioolewa huku mkitoka mikoa mingine: isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Ukimkosea mtu unafunga jani lake fundo, unampelekea. Aliyeletewa isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Ndiyo desturi yetu.

Siku ya kwanza nililicheka. Isale ndani ya nyumba! Ni sawa na kufuga ng'ombe kabatini. Mama Neema akaniambia taratibu kwamba lilikatwa na mama yake mzazi, mpakani kwao Rombo, wiki ile aliyoolewa. Mama yake ameshazikwa. Kihamba chao, lile shamba la ukoo, kina wenyewe wengine. Hilo isale ndilo alilobaki nalo la kwao.

Nikameza kicheko. Hata mimi kuna siku nina adabu.

Basi, isale likaanza kuumwa. Majani ya chini yakawa ya njano, ncha zikakauka, vidudu vidogo vikawa vinaruka juu ya udongo. Mama Neema akiamka analigusa kwanza kabla hajagusa jiko. Siku moja nikamwona anafuta majani kwa kitambaa, na macho yake mekundu.

Akaniomba ushauri mimi. Angemwomba nani? Nimelima kahawa na migomba maisha yangu yote. Nikasema limekosa jua. Likasogezwa dirishani. (Na kochi langu likasogezwa nalo. Kumbukeni hilo.) Halikupona. Nikasema limekosa majivu. Majivu yakatafutwa mtaa mzima, maana watu wa mjini wanapikia gesi. Halikupona. Jana nikakemea kabisa: "Mnalizamisha kwa maji! Nani analimwagilia hivi?"

"Mama, wiki ya pili hii sijalimwagilia hata tone."

"Basi yupo anayelimwagilia," nikasema. "Mtafuteni."

(Mdomo wangu huu.)

Leo Jumamosi Mama Neema hakwenda kazini. Akamwita Baba Glory, yule bwana anayeuza miche kule barabarani, aje aliangalie. Akaingia wakati mbaya. Akina mama wa jumuiya walikuwa wamekuja kunipa pole, chai iko mezani, na kijiko kimoja kinazunguka vikombe vitano.

"Mtuwie radhi," Mama Neema akasema. "Vijiko vya chai vinapotea humu ndani, sijui vinakwenda wapi."

"Vijiko vya siku hizi vyembamba," nikasema. "Panya anabeba."

Akina mama wakatikisa kichwa. Walinisadiki. Mimi ni mtu mzima.

"Shikamoo bibi," akasema Baba Glory. "Mgonjwa yuko wapi?"

"Marahaba. Tuko wawili. Anza na huyo."

Akagusa majani. Akabonyeza shina pale chini, kidole kikazama. Akainama, akanusa, akakunja uso. Kabla hajafungua kinywa nikaanza mimi kumfundisha kazi. Nikamweleza kwamba isale halitaki kudekezwa, kwamba sisi tumezaliwa tukalikuta, kwamba watoto wa mjini wanaua mimea kwa kuipenda sana. Nilisema mpaka nikanyoosha kidole. Akina mama wanaitikia, "Kweli kabisa, mama." Nikajisikia vizuri sana.

Baba Glory akatandika gazeti, akakilaza chungu, akavuta.

Udongo ukatoka wote kwa pamoja, na umbo la chungu, kama ugali uliopinduliwa kwenye sahani. Harufu ikatuingia puani sote mara moja, harufu ya pombe iliyochacha.

Yule mama mnayemjua akasema, "Jamani, mbona kama mbege?"

"Mbege kwenye maua?" akauliza mwenzake.

Baba Glory akamega, akasugua kwa vidole. "Huu si udongo tu. Huu ni ulezi."

Halafu likasikika: ti! Kijiko cha chai kikaanguka kwenye gazeti. Akamega tena. Ti! Cha pili. Mimi natazama dari. Cha tatu hakikuanguka, kilikuwa kimenaswa kwenye mizizi, ikabidi akivute. Kwa muda mrefu, jamani! Nilitamani panya apite.

"Mama," Mama Neema akasema polepole. "Uji si huwa unaniambia umeisha?"

"Uliisha," nikasema. (Sikudanganya. Uliisha.)

Basi niwaambie ukweli ambao niliwaambia na wao. Uji usio na sukari wala maziwa ni maji ya kusuuzia sufuria. Umenishinda. Ila kumwambia binti aliyeamka gizani kunipikia kwamba siutaki, hilo nalo likanishinda. Na huko kwetu mabaki yote yanaishia shinani mwa mgomba, na mgomba unanenepa. Nikajiambia, siutupi, nalilisha isale. Nilisahau kwamba mgomba una kihamba kizima cha kunywea, na isale la watu lina chungu kimoja tu. Kila asubuhi kikombe kizima. Kijiko kikiteleza humo, siwezi kukiona, macho yangu yenyewe haya.

Nilidhani Mama Neema atafoka. Ningemwelewa. Hakufoka. Alipiga magoti kwenye lile gazeti, akashika mizizi iliyooza, akasema kwa sauti ndogo, "Ndilo lililobaki la mama."

Wenzangu, afadhali angefoka.

Akina mama wakawa wanasoma kalenda ukutani. Nikamuuliza Baba Glory, na safari hii niliuliza, sikufundisha: "Linapona?"

"Chini limekwisha, bibi. Lakini juu shina bado gumu. Tukate pazima, tuache kidonda kikauke siku mbili, tupande kwenye mchanga na udongo kidogo. Na maji kidogo. Maji, bibi."

"Nimesikia."

Nikaomba kisu. Kukata masale najua, hilo hakuna wa kuninyang'anya. Nikakata mpaka nikafika penye weupe safi, usio na alama ya uozo. Vikatoka vipande vitatu vizima. Halafu nikachukua jani moja, lile lililokuwa la kijani kuliko yote, nikalifunga fundo. Nikamgeukia mkwe wangu, nikalishika kwa mikono miwili.

"Mwanangu, nimekosa."

Vikombe vikawekwa mezani. Mama mkwe kumpa mkwewe isale, mbele ya jumuiya! Sijawahi kuliona hilo kwa mtu, na sikutegemea kuanza nalo mimi.

Mama Neema akalitazama lile jani. Akanitazama. Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. "Mama! Unaniomba msamaha kwa isale la mama yangu mwenyewe?"

"Ningetoa wapi lingine? Yangu yote yako nyumbani."

Hapo ndipo kila mtu akacheka. Baba Glory akaketi chini kabisa. Mama Neema akalipokea jani kwa mikono miwili, akanikumbatia na matope yake yote.

Kipande kimoja kitarudi kwenye chungu kile kile, baada ya kuoshwa. Kimoja atapewa mjukuu wangu Neema akipata kwake. Cha tatu, Mama Neema amekifunga kwenye gazeti, akasema nikirudi nyumbani nikipande mlangoni kwangu, ili mama yake naye awe na mahali kwenye kihamba chetu. Mimi niliyeua, ndimi niliyepewa mbegu. Nilikwenda chooni nikakaa kidogo. Nilikuwa namshukuru Mungu, msiseme nilikuwa nalia.

Jioni hii uji umeletwa una maziwa kidogo. "Si ungeniambia tu, mama," akasema. Halafu akavuta kiti, akakaa mbele yangu, akanitazama mpaka kikombe kikawa kitupu. Na kijiko akakihesabu.

Basi mmesikia kwangu mwenyewe. Atakayecheka acheke huko huko aliko. Ila asije mlangoni kwangu na isale, maana nitalazimika kumsamehe.