Bado Mchanga

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Kupima Ufuo,

KUHUSU: MPIMAJI WENU ANAYEMCHUMBIA BINTI YETU

Mheshimiwa,

Natumaini hujambo, na bahari yako nayo haijambo. Mimi ni shangazi wa binti ambaye mpimaji wenu alimposa mwaka uleule alipopigilia kigingi chenu cha alama ufukweni, nyuma ya nyumba yetu. Sasa ni miaka tisa, na kigingi cha mchanga kimegeuka kigingi cha harusi. Kwa heshima zote nalalamika:

1. Alipoulizwa ataoa lini, alijibu, "Bado mchanga." Tukashangaa, maana binti ana miaka thelathini na minne. Kumbe hakumsema binti! Alisema mchanga wa baharini: hataoa mpaka utafiti uishe, na utafiti hautaisha mpaka ajue kama ufuo unajaa au unaliwa.

2. Ufuo wenyewe hauna msimamo. Kila mwezi anakuja na rula, anapima kigingi kimebaki nje kiasi gani, anakuna kichwa, anaapa hajawahi kuona ufuo kigeugeu kama huu, anakula chakula cha mchana, anaondoka. Kama ufuo unaliwa sijui. Chungu changu kinaliwa, na hilo halihitaji rula.

3. Wifi yangu, mama wa binti, anangoja mjukuu mchanga. Anacholetewa ni mchanga mtupu, umejaa kwenye viatu vya mkwe mpaka sebuleni. Na mwenye ufagio ni mimi.

4. Binti anampenda, ndiyo taabu yenyewe. Yeye anasema atangoja. Mimi siwezi, nataka kupiga vigelegele ningali na meno.

Kwa hiyo naomba muiandikie bahari barua ya onyo. Ikikaidi, leteni lori la mchanga, mmwage mpaka hesabu ikubali, kijana aandike "umejaa", atie sahihi, aoe. Hilo nalo likiwashinda, mhamishieni milimani. Wahenga walisema milima haikutani. Basi akaipime hiyo, atamaliza kwa siku moja.

Nisalimie wote hapo ofisini, pamoja na dereva.

Wako katika kungoja,
Shangazi wa Bibi Harusi Mtarajiwa

Tanbihi: Msidhani mali yenu hatuitunzi. Kila Ijumaa nafagia ufuo wote nyuma ya nyumba. Mchanga nausukumia majini. Nikichoka, naurundika hapo kwenye kigingi. Nacho nakichomoa kwanza ili ufagio upite, halafu nakirudisha palepale, au jirani na palepale. Mkwe sijamwambia. Hiyo ni zawadi yangu, nitamtajia siku ya harusi.